Kilimo hai bonde la Mto Tana: samadi ipo, ila isiingie shambani ikiwa mbichi

Mafuriko ya Mto Tana huacha tope lenye rutuba kwenye mashamba ya kingoni. Kwa tope hilo, wakulima wa kuanzia Bura na Hola hadi Garsen wamevuna mahindi, ndizi, maembe na mpunga tangu enzi za mababu. Mto huo huo ndio unaonywesha familia nyingi. Pampu ya dawa inapooshwa ukingoni asubuhi, kuna mama anayechota maji hatua chache kuelekea chini.

Kilimo hai ni kulisha udongo kwa samadi na mabaki ya mazao, na kukabili wadudu bila sumu za viwandani. Katika bonde hili malighafi si tatizo. Wakati wa kiangazi mifugo huteremka mtoni kupitia malka, na samadi hujaa mabomani. Mkulima anayeihitaji azungumze mapema na wafugaji kupitia wazee wa pande zote mbili, kabla ng'ombe hawajafika na kabla mahindi hayajachipuka.

Hata hivyo, samadi mbichi ina hatari yake hapa. Ng'ombe na mbuzi hula maganda ya mathenge, na mbegu zake hutoka kwenye kinyesi zikiwa hai. Anayemwaga samadi hiyo moja kwa moja shambani anapanda mathenge kwa mikono yake mwenyewe. Ndiyo maana inafaa igeuzwe kuwa mboji kwanza.

Chagua mahali penye kivuli, mbali na mto na pasipofikiwa na mafuriko. Tandaza vijiti chini ili hewa ipite, kisha panga tabaka la mabua makavu yaliyokatwakatwa, la majani mabichi, la samadi, na udongo kidogo wa juu uliochanganywa na majivu. Nyunyizia maji kila tabaka. Rudia hadi lundo lifike kimo cha kiuno au zaidi, kwani lundo dogo halipati joto la kutosha. Chomeka fimbo ndefu katikati na funika kwa nyasi au majani ya migomba. Baada ya siku chache chomoa fimbo: ikiwa na joto na unyevu, kazi inaendelea, ikiwa kavu, ongeza maji, ikinuka vibaya, maji yamezidi. Geuza lundo kila baada ya wiki 2 au 3, yale ya nje yaingie ndani. Joto hupunguza mbegu za mathenge, na zitakazosalia zitaota juu ya lundo, ambako ni rahisi kuzing'oa. Mboji huwa tayari baada ya miezi 2 hadi 3, ikiwa nyeusi na yenye harufu ya udongo.

Kwa viwavijeshi, twanga gramu 500 za kiini cha mbegu za mwarobaini, loweka usiku kucha katika lita 10 za maji, chuja, ongeza sabuni kidogo, kisha nyunyizia jioni kwa sababu jua huidhoofisha. Wadudu hawafi papo hapo. Huacha kula kwanza. Masalio yasimwagwe mtoni, kwani mwarobaini nao hudhuru samaki.

Wenye miembe waokote maembe yaliyoanguka kila siku na kuyafukia zaidi ya nusu mita. Nzi wa matunda ndio waliofanya Kenya isitishe kuuza maembe Ulaya mwaka wa 2014.

Mavuno yanaweza kushuka misimu ya mwanzo, na kazi ya mikono huongezeka. Ni busara kuanza na robo ekari. Wanaolenga soko lenye alama ya Kilimo Hai wajiunge katika vikundi, ambako wakulima hukaguana wenyewe kwa wenyewe, na kila mmoja aanze kuweka daftari sasa: tarehe ya kupanda, alichotia shambani na alikokipata.