Kadi za Mwandiko wa Mkono: Vidokezo 8 Kabla Hujamlipa Fundi

Mbeya na Iringa, mavuno yakishaingia ghalani, kamati za harusi huanza vikao. Kadi zinachapwa steshenari bila shida, mpaka unapofika kwenye ile mistari ya nukta inayosubiri majina. Hapo ndipo anatafutwa mtu mwenye mkono mzuri, yuleyule anayeandika vyeti vya mahafali na majina kwenye misalaba ya makaburini. Kalamu yake haina kitufe cha kufuta, kwa hiyo sehemu kubwa ya uzuri wa kazi inategemea maandalizi yako wewe mteja.

1. Anzia steshenari. Uliza wanaochapa kadi pale Mwanjelwa au Uhindini, Mbeya, na Miyomboni, Iringa: kazi za kuandika majina wanampa nani? Uliza na shuleni pia, maana kila shule ina mwalimu ambaye vyeti vyote huishia mezani kwake. Ila usichanganye fani. Anayechora mabango kwa brashi anaweza kuwa bingwa wa bati, halafu kalamu ya nibu ikamshinda.

2. Mwone akiandika. Picha za kwenye simu zinaweza kuwa za mtu mwingine. Mpe jina refu, Mwakatumbula kwa mfano, aandike mara tano mbele yako. Ukubwa wa herufi usibadilike, na jina la tano lisikimbilie ukingoni.

3. Orodha ni kazi yako. Iandike kwa herufi kubwa au ichape. Usimsomee majina kwa simu. Mwakyusa na Mwakyoma ni koo mbili, na mgeni akikuta jina la wenzake kwenye kadi yake, lawama zitakuja kwako, fundi hatajwi. Weka vyeo kabisa: Mch., Dkt., Mzee, Mama Fulani. Onyesha kadi ipi ni ya mtu mmoja na ipi ni ya wawili. Mwisho, mpe shangazi mmoja anayeijua familia aipitie.

4. Chagua karatasi pamoja naye. Kadi zinazong'aa hazinywi wino; ukigusa mapema, jina linageuka doa. Karatasi za mkono nazo, kama zile zilizowapa sifa Neema Crafts wa Iringa, hupendeza sana. Mradi huo ulianzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, na mafundi wake wenye ulemavu wamejulikana hata kwa karatasi ya kinyesi cha tembo. Lakini karatasi ya namna hiyo ina nyuzinyuzi, na wino mwepesi husambaa. Nunua moja ya majaribio kabla ya kuagiza zote.

5. Ongeza za akiba. Wageni 200? Peleka kadi 220. Mkono huchoka, na kuna mjomba atakayekumbukwa siku ya mwisho.

6. Piga hesabu ya muda. Kadi moja ikichukua dakika tatu, kadi 200 ni saa kumi za kuandika tu, bila kukausha wala kula. Mpe wiki mbili ukiweza. Kwa bango au msalaba wa nje, kumbuka mvua za Novemba hadi Aprili. Na hata kiangazi, baridi ya Juni na Julai huchelewesha rangi ya mafuta kukauka.

7. Maliza mambo ya bei mapema. Anatoza kwa kadi, kwa jina au kwa herufi? Wino ni wa nani? Akikosea yeye, anarudia bure. Ukikosea wewe kwenye orodha, unalipa. Yaandikeni hayo kwenye karatasi, toa nusu, nyingine ibaki mpaka ukague kadi moja baada ya nyingine.

8. Jua mipaka. Ukitaka aya kwa khati ya Kiarabu, tafuta anayeisoma lugha hiyo, na shehe aikague kabla haijatundikwa ukutani. Na usimwombe fundi yeyote arekebishe jina kwenye cheti cha kuzaliwa au cha mtihani, hata kama mwandiko wake unafanana. Hiyo ni kughushi, na ni kosa la jinai. Cheti cha kuzaliwa hurekebishwa kupitia RITA, cha mtihani wa taifa kupitia NECTA.

Ukimpata fundi wa Iringa nawe uko Mbeya, mabasi yapo kila siku. Funga kadi ndani ya nailoni kisha kwenye boksi gumu, na uandike juu namba ya simu ya mpokeaji. Kazi ikikupendeza, mlipe salio lake siku hiyohiyo, kisha wape na wengine namba yake.