Kijana Wako Anatamani Kazi ya Hospitali? Anzieni Hapa Hapa Isiolo

Mzazi, mwalimu, shangazi mwenye mpwa asiyebanduka kwenye simu: hii ni yenu. Najua hamna muda. Hamhitaji mfadhili wala semina, Jumamosi moja tu, na vijana wetu wanaistahili.

1. Bisha hodi kwa jirani mwenye mkoba

Septemba 2023 serikali iliwakabidhi wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini mikoba yenye kipima presha, kipima sukari, kipimajoto na mizani. Iwe unaishi Bula Pesa au Kambi Garba, uliza mtaani utaelekezwa kwa wenu. Mwombe aandamane na kijana kwenye ziara moja ya nyumbani, wenye nyumba wakiridhia. Kijana abebe mkoba, asalimie wakubwa, atazame. Na kabla hajatoka mwambie wazi: ya mgonjwa hayasimuliwi, hata kwa rafiki wa chanda na pete.

2. Mikono ifanye kazi

Hapa ndipo macho yao hung'aa! Mwombe mhamasishaji awaonyeshe utepe ule wa rangi tatu wa kupimia lishe ya watoto wa miezi 6 hadi 59. Kijana amkunje mtoto kiwiko cha mkono wa kushoto, atafute katikati ya bega na kiwiko, atie alama. Kisha mkono uning'inie, utepe uzunguke bila kubana. Zaidi ya sentimita 12.5 ni kijani. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na mtoto huyo afikishwe kituo cha afya mara moja. Kwa kaunti inayoujua ukame kama yetu, kijana aliyeshika utepe huo ameshaelewa kazi ya mtaalamu wa lishe kuliko mihadhara kumi.

Jikoni nako kuna somo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza ya mtoto anayeharisha pakiti za dukani zikikosekana. Aonje: chumvi ikizidi ile ya machozi, amwage aanze upya.

Bado ana nguvu? Mpe mto mgumu sakafuni ajizoeze kukandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Dakika mbili tu atakuwa anahema! Kwa mafunzo kamili ya huduma ya kwanza, waulizeni Msalaba Mwekundu.

3. Mshauri awe hatua mbili mbele

Daktari bingwa ni mzuri wa kupigia makofi, lakini mwanafunzi wa KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba chenye kampasi hapa Isiolo, bado anakumbuka Kemia ilivyomtoa jasho. Huyo ndiye mnayemtaka. Wakutane mahali pa wazi, nawe ujue ni wapi na saa ngapi. Baada ya hapo, swali moja kwa simu kila Ijumaa linatosha.

4. Mpe jina la kulishika

Anna Qabale Duba alizaliwa Torbi, kule Marsabit, akawa muuguzi. Mwaka 2022, jijini Dubai, alishinda tuzo ya kimataifa ya wauguzi ya Aster Guardians, dola 250,000. Kijijini kwao alianzisha shule ambamo watoto husoma mchana na akina mama jioni. Tafuteni mahojiano yake mtandaoni mtazame pamoja, kisha muulize binti yako: ungekuwa wewe, mtaani kwetu ungeanza na nini?

5. Lugha ya nyumbani ni kifaa cha kazi

Hili nalipenda kuliko yote. Mpe kijana maneno haya: kidonge kimoja, asubuhi na jioni, baada ya kula, mpaka viishe hata ukipata nafuu. Amweleze nyanya yake kwa Kiborana, Kiturkana, Kisamburu, Kisomali au Kimeru, kisha amwombe kwa heshima ayarudie kwa maneno yake. Nyanya akisema "mpaka nipate nafuu", kijana aeleze tena. Wauguzi hodari hufanya hivyo kila siku.

6. Kuna zaidi ya daktari na nesi

Maabara, eksirei, famasi, meno, tibamaungo, kumbukumbu za wagonjwa, mafundi wa mitambo ya hospitali. Anayeogopa kuona damu bado ana nafasi.

7. Tazameni gredi mapema

Diploma ya uuguzi KMTC huhitaji wastani wa C katika KCSE, C ya Biolojia, C ya Kiingereza au Kiswahili, na C- katika Hisabati, Fizikia au Kemia. Inafikika! Aliye Gredi ya 9 auangalie mkondo wa STEM kabla ya kuchagua shule. Maombi ya KMTC hupitia KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, kwa hiyo ingieni kwenye tovuti yao jioni hii, myanakili masharti ya kozi mbili anazozipenda, na karatasi muibandike juu ya meza anaposomea.