Somo la Majira ya Baridi: Kujifunza Kiingereza kwa Vitabu na Uzi



Tunapotembelea familia kati ya Novemba na Machi, mara nyingi tunakuta hali moja. Watoto wako shule, baba yuko kazini, na mama amebaki ndani peke yake. Jioni watoto wanarudi wakizungumza Kiingereza wao kwa wao. Polepole mama anaanza kuwategemea wamsomee barua, wampokelee simu, hata wamweleze daktari mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Kuhusu daktari, kumbuka kwamba hospitali inatakiwa kukupa mkalimani bila malipo. Mwombe. Hiyo si kazi ya mtoto.

Lakini wengi wenu mlifika Marekani na ufundi ambao haukuhitaji sanduku. Nyarugusu, Kakuma, Nakivale na kwingineko mlifuma vitambaa vya viti, kofia na sweta za watoto. Somo hili linaonyesha jinsi kazi hiyo ya mikono inavyoweza kukufundisha kusoma Kiingereza. Kama hujawahi kufuma, unaweza kuanzia hapa pia. Akina baba nao wamekaribishwa: kwetu mafundi cherehani wengi ni wanaume, na uzi haubagui.

1. Anzia maktaba

Kadi ya maktaba ya mji wako ni bure. Nenda na kitambulisho na karatasi yenye jina lako na anwani yako, kama vile bili ya umeme au mkataba wa nyumba. Watoto nao wanaweza kupata kadi zao, mzazi akitia sahihi.

Wengine wanaogopa faini. Maktaba nyingi zimeacha kutoza faini za kuchelewesha vitabu. Chicago, kwa mfano, waliacha mwaka 2019. Hata hivyo kitabu kikipotea au kikiharibika utalipia. Tengeni sehemu moja nyumbani ya kuweka vitabu vya maktaba, mbali na maji na jiko.

Katika maktaba nyingi za mji, vitabu vya maarifa hupangwa kwa namba. Andika namba hizi tatu kwenye karatasi:

746.43: kufuma
428: kujifunza Kiingereza
323.6: uraia

Ukimwonyesha mhudumu wa maktaba karatasi hiyo, atakupeleka kwenye rafu hata kama bado huna maneno ya kumweleza. Pita pia upande wa watoto. Vitabu vya kufuma vya watoto vina picha nyingi na sentensi fupi, na hakuna aibu kuanzia hapo. Ukitaka kitabu cha Kiswahili wasichokuwa nacho, uliza kama wanaweza kukuazimia kutoka maktaba nyingine.

2. Soma karatasi ya uzi

Donge la uzi dukani lina karatasi iliyolizunguka. Hilo ni somo zima la kusoma, na maneno yake ni machache.

Kwanza, tafuta picha ya donge yenye namba ndani yake, kuanzia 0 hadi 7. Namba hiyo ni unene wa uzi. 0 ni mwembamba sana, 7 ni mnene kuliko zote. Anayeanza achukue 4, neno lake ni "medium".

Pili, tafuta picha ya sindano. Kwa uzi wa namba 4 utaona vipimo vya kati ya milimita 4.5 na 5.5. Marekani wana namba zao pia: sindano ya milimita 5 huitwa 8. Soma milimita ili usichanganyikiwe.

Tatu, soma uzi umetengenezwa kwa nini. "Wool" ni sufu, "cotton" ni pamba, "acrylic" ni uzi wa kiwandani, wa bei nafuu na rahisi kufua. Angalia picha ya beseni: ikiwa na mkono ndani, fua kwa mkono, ikiwa na alama ya X juu yake, usifue kwa maji. Sufu ya kawaida ukiiweka katika mashine kwa maji ya moto, hujikunyata na kugandana, na sweta ya mtu mzima inaweza kutoka ikimtosha mtoto. Kuzisoma alama hizi kutakusaidia pia kwa nguo za familia, kwani lebo za nguo zinatumia zilezile.

Nne, tafuta neno "lot" na namba iliyo karibu yake. Ni namba ya pipa la rangi. Ukinunua madonge mawili kwa kazi moja, namba hizi zifanane, la sivyo rangi zinaweza kutofautiana kidogo.

3. Soma mstari wa maelekezo

Vitabu vya kufuma huandika kwa mkato. Soma mfano huu:

CO 40 sts. Row 1: *K2, P2, rep from * to end. Rep row 1. BO.

Tuufungue pamoja. "CO" ni "cast on": anzisha vitanzi kwenye sindano. "Sts" ni "stitches": vitanzi. "Row" ni mstari. "K" ni "knit": kitanzi cha kawaida, uzi ukiwa nyuma ya kazi. "P" ni "purl": kitanzi cha kugeuza, uzi ukiwa mbele. "Rep" ni "repeat": rudia kuanzia kwenye nyota. "BO" ni "bind off": funga kazi isifumuke.

Maana yake ni: anzisha vitanzi 40, fuma viwili vya kawaida, viwili vya kugeuza, hivyo hivyo hadi mwisho, rudia mstari huo kila mara, funga. Ukiendelea hadi urefu unaoutaka, umepata skafu inayovutika na kukumbatia shingo.

Katika "knit" herufi k haitamkwi; sema "nit". Ni hivyo pia katika "knee", yaani goti, "knife", yaani kisu, na "know", yaani kujua. Ukijua neno moja la kufuma, umepata matatu ya kutumia kwa daktari, jikoni na barabarani.

Kwa wanaofuma kwa sindano moja yenye ndoano: angalia kitabu kimechapishwa wapi. Kile ambacho Marekani huita "single crochet", Uingereza huita "double crochet". Ukichanganya, kazi itatoka na kipimo kingine.

4. Mikono ifume, masikio yasome

Maktaba nyingi hutoa vitabu vya kusikiliza kwenye simu bila malipo, kupitia programu kama Libby, ukiwa na namba ya kadi yako. Azima kitabu cha karatasi na sauti ya kitabu kilekile. Dakika 20 asubuhi soma ukifuata kwa kidole huku unasikiliza. Halafu chukua uzi, rudia sura ileile kwa masikio tu. Usikimbilie sura mpya kabla ya ile ya kwanza kuzoeleka.

Jioni msomee mtoto ukurasa mmoja kwa sauti, kisha umsimulie hadithi moja kwa Kiswahili. Lugha zote mbili zikae nyumbani. Siku ya mtihani wa uraia utaombwa kusoma Kiingereza kwa sauti, na unatakiwa kusoma vizuri sentensi moja kati ya tatu. Aliyezoea kusoma kwa sauti mbele ya watoto wake hatatetemeka sana mbele ya afisa.

5. Keti na wenzako

Uliza maktaba kama kuna kikundi cha kufuma. Mara nyingi ni bure, kila mtu anakuja na kazi yake. Maneno mawili yanatosha kuanzia: "What are you making?", unatengeneza nini? Na "Can you show me?", unaweza kunionyesha? Mikono ikiwa na kazi, kimya hakiumizi, na makosa ya lugha hupita bila kuonekana sana.

Ukianza kuuza kofia au skafu, fedha hizo ni kipato hata zikiwa kidogo. Ziandike kwenye daftari, na kama unapokea msaada wa chakula, zungumza na mhudumu wako kuhusu namna ya kuzitaarifu.

Zoezi la wiki hii

Chukua kadi ya maktaba. Azima kitabu kimoja cha 746.43. Soma karatasi ya donge moja la uzi, uandike maneno matano mapya kwenye daftari. Kisha yatamke mbele ya mtoto wako, naye akusahihishe. Daftari hilo njoo nalo siku ya miadi yetu, tulisome pamoja. Haba na haba hujaza kibaba.