Kiti na Tonge: Nafasi ya Mfanyakazi katika Umiliki wa Kampuni



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Busia. Baada ya swala ya Isha, mjomba wangu alinishika mkono tukakaa barazani mwa msikiti. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa katika stoo ya kampuni moja ya usafirishaji hapo mpakani. Alianza akiwa kuli wa kushusha magunia, akamaliza akiwa msimamizi. Kisha kampuni ikauzwa, na wafanyakazi wakajua siku walipoitwa uani na kukabidhiwa barua. Mshahara wa mwisho alilipwa wote.

"Mpwa wangu, wewe unasoma sheria ya dini," akasema. "Niambie, pale nilikuwa na haki yoyote zaidi ya mshahara?"

Nilijibu haraka, kama mtu aliyetoka jana kwenye mtihani wa fiqhi ya miamala. Nikasema hapana. Ule ni mkataba wa ijara: kazi inajulikana, ujira unajulikana, na ukishalipwa kamili hakuna deni. Mjomba akasema, "Alhamdulillah," akanyamaza. Ukimya ule nilipanda nao taksi ya Tororo, nikafika nao Mbale na kuingia nao maktaba. Somo hili ndilo jibu nililopaswa kumpa.

Jibu langu lilikuwa nusu

Kwamba mwajiriwa hana hisa katika mali ya mwajiri ila kwa makubaliano, hilo ni kweli, na hatuna ruhusa ya kumpokonya mtu mali yake kwa jina la huruma. Lakini ijara si mlango pekee ambao sheria imemfungulia mtu asiye na mtaji.

Tukumbuke Khaybar. Katika Hadithi ya Ibn Umar iliyo kwa Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliwaachia watu wa Khaybar ardhi waihudumie kwa makubaliano ya kupata nusu ya mavuno. Mikono yao ilihesabiwa kuwa ni mchango unaostahiki fungu la mazao. Katika mudharaba pia, mmoja hutoa mali, mwingine hutoa kazi, na faida hugawanywa kwa kiwango walichokubaliana.

Njoo sasa kwenye mfano wa nyumbani. Jina boda boda lilizaliwa hapa kwetu Busia, kwa vijana waliobeba abiria kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Leo ni pikipiki, na nyingi zina tajiri wake. Jioni kijana anapeleka hesabu. Mvua ikinyesha siku nzima, hesabu ni ileile. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, kodi ya kitu lazima ijulikane, kwa hiyo mkataba huo unapita. Lakini Ibn Qudama katika al-Mughni ananukuu kutoka kwa Imam Ahmad kwamba inafaa mtu kumpa mwenzake mnyama wake amfanyie kazi, kisha wagawane kinachopatikana, kwa kukisia na mikataba ya kilimo kama ule wa Khaybar. Wanazuoni walikwisha kuitafuta njia ya kumfanya mwenye jasho awe mshirika.

Hadithi ya mpishi

Kuna Hadithi nyingine ambayo nilikuwa nikiisoma kama adabu ya mezani tu. Abu Hurayra (R.A.) amepokea kwamba mtumishi anapomletea mmoja wetu chakula, amkalishe ale pamoja naye. Asipomkalisha, basi ampe walau tonge moja au mawili, kwa kuwa yeye ndiye aliyevumilia joto lake na kukitengeneza.

Tazama sababu iliyotajwa: amevumilia joto. Mpishi yule ni mtumishi wa nyumba, lakini joto alilolibeba linamuunganisha na chakula kile. Tazama pia mpangilio. Kwanza ni kiti, yaani akae naye. Tonge ni kiwango cha chini kwa asiyeweza kutoa kiti. Wanazuoni wanaliweka jambo hili katika yanayopendekezwa, si ya wajibu, nami sitaki kulipandisha daraja. Lakini Muislamu anayeuliza tu "nalazimika nini?" hajamaliza kuuliza.

Kiti ndiyo shura. Sura ya 42, aya ya 38, inawasifu waumini ambao mambo yao ni kwa kushauriana. Na amri ya kushauri katika sura ya 3, aya ya 159, ilishuka baada ya Uhud. Mtume (S.A.W.) alikuwa amefuata rai ya waliotaka kutoka nje ya Madina, na matokeo yakawa machungu. Hata hivyo hakuambiwa aache kushauriana, bali awasamehe na aendelee kuwashauri. Kwa hiyo anayesema "wafanyakazi wakipewa sauti watakosea" aisome aya hii pamoja na sababu yake.

Makampuni makubwa yamefanya nini?

Tuanze Tororo. Kiwanda cha saruji kilianza miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, chini ya Shirika la Maendeleo la Uganda. Tarehe 1 Mei 1970, pale Nakivubo, Rais Obote alitangaza serikali kuchukua asilimia 60 ya makampuni makubwa nchini. Miaka ya 1990 upepo ukageuka na kiwanda cha Tororo kikaenda mikononi mwa watu binafsi. Funzo ni kwamba mali kuhama kutoka kwa tajiri kwenda serikalini, au kurudi, peke yake hakumpi mbeba mifuko kiti wala tonge.

Tanzania ilijaribu kiti. Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Lakini yalikuwa ya kutoa ushauri, na uamuzi ulibaki kwa wakubwa. Migomo ikafuata, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha Mount Carmel Rubber, Dar es Salaam, wakakitwaa kiwanda chenyewe. Ukimuita mtu mezani kisha usimsikilize, atainuka kwa hasira.

Kenya ilijaribu tonge. Kenya Airways ilipobinafsishwa mwaka 1996, KLM ilipata asilimia 26, na wafanyakazi walitengewa asilimia 3. Ni jambo jema, lakini kwa asilimia 3 huzuii uamuzi wowote.

Ujerumani, kwa sheria ya mwaka 1976, kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 huwapa nusu ya viti katika baraza la usimamizi, ingawa kura zikilingana mwenyekiti ndiye mwenye kura ya kuamua. Na huko Mondragón, Hispania, tangu 1956 wafanyakazi wenyewe ndio wenye viwanda, na kila mwanachama ana kura moja. Kiti na tonge pamoja.

Tahadhari

Mumias si mbali na Busia. Hisa za kampuni yake ya sukari ziliingia soko la Nairobi mwaka 2001, na mwaka 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu. Mfanyakazi ambaye akiba yake yote imo katika kampuni inayomlipa mshahara anaweza kupoteza vyote viwili siku moja. Hata Mondragón, kiwanda chake cha Fagor kilifilisika mwaka 2013, ila wengi wa wafanyakazi walipokelewa na vyama wenza. Kwa hiyo nina masharti matatu. Hisa isikatwe kwenye mshahara kwa lazima, maana ujira ni haki kwanza. Hesabu za kampuni ziwe wazi kwa wenye hisa wadogo. Na biashara yenyewe iwe halali, isiendeshwe kwa riba.

Ndugu zangu, baadhi yetu tutakuwa wahasibu, wanasheria na wenye makampuni. Siku utakapoandika mkataba wa kwanza wa ajira, jiulize nani anavumilia joto.

Nilimpigia mjomba simu. Nilimwambia kwamba kwa mkataba aliosaini, jibu langu halikubadilika. Lakini kulikuwa na mikataba bora ambayo dini iliiruhusu na hakuna aliyemwonyesha, na kuambiwa mapema kwamba stoo inauzwa ilikuwa adabu ya Mtume iliyoachwa. Alikaa kimya tena, kisha akasema, "Basi mfundishe na mdogo wako, anaanza kazi Jumatatu."

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Je, hesabu ya boda boda inaweza kugeuzwa kuwa ushirika? Nani atabeba gharama ya matengenezo?
2. Ni maamuzi gani ya kampuni yanahitaji shura ya wafanyakazi, na yapi hayahitaji?

Wallahu a'lam.