Nguvu za Gari Linalovuta Tela

Katika vijiji vya Bariadi na kwingineko katika mkoa wetu wa Simiyu, kazi iliyokuwa ya maksai na mkokoteni siku hizi inafanywa pia na magari. Land Cruiser au Land Rover kuukuu hufungwa tela, tela likapakiwa pamba, mahindi au mapipa ya maji, safari ikaanza. Gari likichoka njiani, mwenyewe husema, "Injini haina nguvu," kisha anatafuta fundi wa kumfungia turbo. Katika somo la leo tutaona kwamba mara nyingi nguvu anazozitafuta anazo tayari, ila anazipoteza.

Tuanze na uzito, maana hesabu hii wengi hawaifanyi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Basi pipa la lita 200 lina kilo 200 za maji. Mapipa matano ni kilo 1,000, yaani tani nzima, na hapo hatujahesabu mapipa yenyewe wala tela. Sasa fungua kitabu cha gari usome. Magari mengi ya aina hii yanaruhusiwa kuvuta kilo 750 tu, tela likiwemo, ikiwa tela halina breki zake lenyewe. Tela lenye breki linaweza kuwa zito zaidi ya hapo mara kadhaa. Na matela yetu mengi ya kuchomelea mtaani, je, yana breki? Wewe mwenyewe unajua jibu.

Jambo la pili ni mahali pa kuweka mzigo. Aliyewahi kuswaga maksai anajua: mkokoteni wa magurudumu mawili ukipakiwa nyuma sana, mti wake unainuka, kamba zinawakaba ng'ombe kooni. Tela nalo ni hivyo hivyo. Mzigo ukizidi nyuma, mkono wa tela unainua matako ya gari, na tela linaanza kuyumba kama mkia wa samaki. Ukizidi mbele, nyuma ya gari inadidimia, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani hausikii vizuri. Huko Australia, ambako watu huvuta nyumba ndogo za magurudumu kwa mamia ya kilomita, kipimo chao cha kawaida ni sehemu moja ya kumi. Tela la kilo 700 pamoja na mzigo, mkono wake uelemee gari kwa kilo 70 hivi. Mizani ya kupimia pamba inaweza kukuonyesha, lakini kwanza weka mawe kwenye magurudumu ya tela lisitembee.

Pamba ina ujanja wake. Ni nyepesi, kwa hiyo watu hupandisha mzigo juu, juu, mpaka unakuwa kama nyumba. Kilo hazijazidi, lakini tela limekuwa refu, na gurudumu moja likiingia mtaroni linapinduka. Watoto wanaopanda juu ya marobota ndio wanaoumia kwanza.

Sasa tuje kwenye gari. Kando ya kijiti cha gia kuna kijiti kingine kifupi. Katika Land Cruiser nyingi utaona herufi H na L. Ukiweka L4, magurudumu yote manne yanavuta, na kila gia inapata nguvu kama mara mbili au zaidi, ila mwendo unapungua kwa kiasi hicho hicho. Madereva wengi hawakigusi kijiti hiki mpaka gari limeshazama kwenye udongo mweusi wa mbugani. Kitumie kabla ya kuingia korongoni. Kushuka pia, gia ndogo inalishika gari, breki zisipate moto. Lakini kwenye lami, kama ile ya kwenda Lamadi, rudisha H2. Mtambo ukifungwa kwa magurudumu manne juu ya njia kavu na ngumu, unajisaga wenyewe.

Halafu tusikanyage mafuta ovyo. Injini ya dizeli iitwayo 1HZ, iliyo katika Land Cruiser nyingi, hutoa mvuto wake mkubwa kabisa ikizunguka mara 2,200 hivi kwa dakika. Ukiilazimisha ilie zaidi ya hapo, mvuto unapungua na dizeli inakwisha. Moshi mweusi ni mafuta ambayo hayakuungua. Angalia kichungi cha hewa, kwa vumbi letu la kiangazi huziba upesi. Rejeta nayo huzibwa na mbegu za nyasi. Ioshe injini ikiwa imepoa. Vijana wengine hufunga matairi makubwa kwa urembo. Tairi likizidi ukubwa kwa sehemu moja ya kumi, karibu sehemu hiyo hiyo ya mvuto inapotea.

Na hiyo turbo? Inaongeza nguvu, ni kweli. Inaongeza pia joto ndani ya injini, na haiongezi breki hata kidogo. Hili ndilo linalonitia hofu. Tuseme gari na tela, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, vinasimama meta 10 baada ya kukanyaga breki. Kwa kilomita 60 havisimami meta 20. Vinahitaji meta 40, kwa sababu mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa kusimama ni mara nne.

Maswali ya kikundi

1. Tela tupu lina kilo 280 na halina breki. Pipa tupu lina kilo 20, nalo hubeba lita 200 za maji. Gari linaruhusiwa kuvuta kilo 750. Mapipa mangapi yaliyojaa yanaweza kupakiwa?

2. Mkono wa tela hilo uelemee gari kwa kilo ngapi?

3. Mwenye gari anataka kubeba mapipa matano kwa siku. Kipi ni rahisi kwake: kufunga turbo, kuweka breki kwenye tela, au kwenda safari tatu? Kila mmoja aandike sababu zake kabla ya kujadiliana.