MGONJWA ANAHESABIWAJE?

Mara nyingi tunasikia redioni kwamba kipindupindu kimeshika watu kadhaa na kuua kadhaa. Hesabu hiyo hutoka wapi? Tujifunze, maana sisi wa Ivuna nasi tumo ndani yake.

HUANZIA DAFTARINI
Mtu anayeharisha maji matupu akifika zahanati, huandikwa jina, umri, kijiji anachoishi na siku alipoanza kuugua. Kijiji ni jambo kubwa. Mvuvi wa Ziwa Rukwa akitaja kwao alikozaliwa badala ya kambi anakolala, wataalamu watakwenda kutibu maji mahali pasipo na ugonjwa.

Kipindupindu hutolewa taarifa ndani ya saa 24: kutoka zahanati hadi Wilaya ya Momba, kisha Mkoa wa Songwe, hadi Wizara ya Afya. Kila wiki pia zahanati hutuma hesabu ya magonjwa ya mlipuko. Isiyo na mgonjwa huandika sifuri. Sifuri maana yake: tumetazama, hatukuona. Ukimya hauna maana hiyo.

ANAYESHUKIWA NA ALIYETHIBITISHWA
Anayeshukiwa ana dalili. Aliyethibitishwa, choo chake kimepimwa maabara na vimelea vimeonekana. Mlipuko ukishathibitishwa, si kila mgonjwa hupimwa. Wenye dalili huhesabiwa na kutibiwa mara moja. Ndiyo maana idadi inayotangazwa mara nyingi huwa na wote wawili.

MFANO
Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea nchini. Hadi tarehe 7 Januari 2018 walihesabiwa wagonjwa 33,421, na 542 kati yao walikufa. Yaani katika kila wagonjwa 1,000, kama 16 walikufa. Wagonjwa wakitibiwa mapema na vizuri, vifo havipaswi kufikia 10 katika 1,000.

Lakini daftari halimwoni anayefia nyumbani kimya kimya. Tuseme kijiji kina wagonjwa 40, wakafika 10 tu. Wilaya itaandaa dripu za watu 10, na wale 30 wataendelea kuambukiza wengine. Tena, idadi ikipanda ghafla, si lazima ugonjwa umezidi. Huenda watu wameacha kujificha.

TUFANYE NINI?
1. Anayeharisha maji matupu apelekwe zahanati upesi, huku akinyweshwa maji ya chumvichumvi ya pakiti njiani.
2. Taja kijiji au kambi unayoishi sasa.
3. Mtu akifia nyumbani kwa kuharisha, mwambieni mwenyekiti wa kitongoji au mhudumu wa afya kabla ya kuosha maiti.

Kuhesabiwa si aibu. Asiyehesabiwa hatengewi dawa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA
1. Kwa nini baadhi yetu huficha ugonjwa wa kuharisha?
2. Mvua zikikata njia, nani atapeleka taarifa zahanati?