Baba Kijana na Jina Lake Kwenye Cheti cha Mtoto

Kwa wakazi wa Chale na vijiji jirani, mtoto mara nyingi huzaliwa katika Hospitali ya Msambweni. Karatasi ya taarifa ya kuzaliwa huandikwa mapema, wakati mwingine baba akiwa bado baharini au kwenye kibarua Diani. Asipokuwepo, na kama wazazi hawajaoana, sehemu ya jina la baba huachwa wazi, na kuijaza baadaye ni safari za ofisini.

Kwa desturi ya zamani ya Wadigo, mtoto alihesabiwa katika ukoo wa mama, na mjomba alikuwa na kauli kubwa juu yake. Hadi leo zipo nyumba ambazo kijana wa miaka 19 au 20 huonekana kama mgeni mbele ya mwanawe. Sheria haimwoni hivyo. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa mtoto haki ya malezi ya baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au la. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kuwa sheria iliyozuia jina la baba asiyeoa kuandikwa ilikwenda kinyume na Katiba.

Njia nyepesi ni wazazi wote wawili kufika pamoja na vitambulisho vyao, kabla mtoto hajatimiza miezi 6. Baada ya hapo usajili huhesabiwa umechelewa. Kijana aliyefika miaka 18 bila kitambulisho aanze kwa chifu, tena mapema, mimba ikiwa bado changa. Kitambulisho hicho ndicho atakachotumia pia kujisajili na kuandikisha familia yake katika bima ya SHA, kwa kupiga *147#.

Aliyeajiriwa, kwa mfano hotelini, ana likizo ya wiki 2 kwa mshahara kamili chini ya Sheria ya Ajira ya 2007. Mvuvi na mwendesha bodaboda hawana mwajiri wa kuwapa likizo hiyo, na hapo ndipo penye ugumu wa kweli: siku ya kliniki ni siku bila kipato. Inafaa basi tarehe zijulikane mapema. Chanjo hutolewa mtoto anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu miezi 9 na 18. Kijitabu cha kliniki kinaweza kubebwa na baba. Muuguzi atampokea mtoto vilevile.